Mkulima Hajui Biashara? Angeijua Lini?

Jioni hapa Kware kahawa ya birika ni bob 20, ina tangawizi, unakunywa ukiwa umesimama. Juzi nilikuwa tao kukutana na client, nikalipa bob 300 kwa kikombe kimoja. Manze, hiyo pesa huenda wapi?

Twende hesabu. Karibu kilo 7 za matunda ya kahawa hutoa kilo 1 ya mbegu kavu. Ukishachoma, hapo kuna kama vikombe 50. Tuseme mkulima amelipwa 100 kwa kilo ya matunda. Hiyo ni 700, yaani bob 14 kwa kikombe. Mbolea na wachumaji bado hajawatoa. Zingine zote ni kiwanda, mabroka, mchomaji, rent ya duka, stima, maziwa na mshahara wa aliyeniletea.

Utasema ni soko tu. Lakini hii kitu ilianza hivyo. Wamisionari Wafaransa walipanda kahawa Bura, Taita, mwaka 1893. Baadaye ikawa zao la masetla, na masetla walitaka mikono ya bei rahisi. Kukawa na kodi, kipande, na machifu kulazimisha watu kwenda kazi, hadi wasichana na akina mama kwa mashamba ya kahawa. Harry Thuku akapinga, akakamatwa Machi 1922. Tarehe 16 watu walikuja kudai aachiliwe. Mary Muthoni Nyanjiru akawachochea wanaume waliosita, polisi wakafyatua risasi, naye akauawa. Serikali ilihesabu maiti 21. Ilikuwa karibu na hoteli ya Norfolk, na leo hiyo barabara inaitwa Harry Thuku.

Na Mwafrika kupanda yake? Alizuiwa. Miaka ya 1930 wachache wa Kisii, Embu na Meru wakaruhusiwa. Kwetu Murang'a wengi walingoja hadi miaka ya 1950. Halafu tukapata uhuru, na sheria ikakataza kung'oa kahawa bila kibali! Shosh aliniambia kuna mwaka malipo yalichelewa sana, akataka kung'oa miti yake, akaambiwa ni kosa. Akaiacha, akapanda maharagwe katikati. Siku hizi hapo ni avokado.

Sisemi usinywe. Hata mimi nitarudi. Lakini mtu akikuambia mkulima anapata kidogo juu hajui biashara, mkumbushe: alikatazwa kupanda, kisha akakatazwa kung'oa. Hiyo biashara angeijua lini?