Kitanda cha Droo na Sanduku la Bati

Ukipita kwa mafundi wa kando ya barabara, kutoka Rongo hadi Migori mjini au pale Homa Bay, utauziwa seti: kitanda cha droo, dresa na kabati la nguo, vyote rangi moja. Wengi huuliza kipi kinabeba nguo nyingi. Mimi nauliza kwanza: utahama lini?

Swali hilo ni la zamani huku kwetu. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na kodi ya kibanda ikaja miaka hiyo hiyo. Kodi ilitaka pesa, si mtama. Vijana wa South Nyanza wakatoka kuzitafuta: kwenye reli, bandarini Mombasa, kwenye chai Kericho, wengine hapa karibu kwenye migodi ya Macalder. Mtu anayelala kwenye nyumba ya mwajiri hana haja na kabati. Anataka kitu chenye kufuli na mpini, kinachoingia chini ya kitanda. Sanduku.

Neno ni la Kiarabu, likapanda bara kutoka Pwani. Kule makasha yenye misumari ya shaba yalipamba nyumba za wenye mali. Huku likawa la bati, hadi leo mwanafunzi wa bodingi analibeba na jina lake limepakwa rangi juu. Nyumbani ndimo zinamokaa hati ya shamba, vyeti na nguo nzuri.

Kabati ni la mtu asiyeenda popote. Kijaluo kinatenganisha ot, nyumba ya kulala, na dala, boma lako. Mwaka 1987 Kenya nzima ilifuata kesi ya mazishi ya wakili S.M. Otieno, na tofauti hiyo ilijadiliwa mahakamani: Nairobi alikuwa na nyumba, lakini nyumbani ni wapi? Mwishowe alizikwa Nyalgunga, Siaya.

Sasa tazama ile seti tena. Kabati lililopigiliwa misumari halifunguki. Siku ya kuhama linagoma mlangoni. Dresa ni nyepesi, lakini kioo chake na boda boda haviivani. Kitanda cha droo kinaokoa nafasi kwenye bedsita, mradi upime kwanza, maana droo ikikutana na ukuta haifunguki. Na karibu na ziwa, mbao za unga uliogandishwa kwa gundi zikipata unyevu wa sakafu zinafura.

Kitanda hicho kinauzwa kama kitu cha kisasa. Mimi naona ni sanduku limerudi mahali pake, chini ya godoro, ila limepoteza kufuli na mpini. Babu zetu walipanga wakijua watarudi. Sisi tunalipa rent mwezi baada ya mwezi, hatujui kama tunapita au tumefika.

Niliacha chuo na nimehama keja mara nyingi kuliko ningependa, kwa hivyo nina msimamo. Kabati likae dala, kwenye simba yako, hata kama unalala humo Disemba pekee. Mjini nunua kitanda kinachofunguka kwa nati. Halafu weka sanduku la bati chini yake. Siku landilodi akipandisha kodi, vyeti vyako vitakuwa vya kwanza kutoka mlangoni.