Mdachi na Mholanzi: Neno la Nasaba katika Vitabu vya Ubatizo vya Taveta

Anayetafuta babu Mholanzi katika nasaba ya Bomeni, Taveta, hana budi kuanza na neno kabla ya kufungua kitabu cha kanisa. Mapokeo ya ukoo yakisema "babu alikuwa Mdachi", msikilizaji aliyezoea Kiingereza hukumbuka Dutch, akaelekeza utafiti Uholanzi. Hapo ndipo nasaba inapopotea.

Katika Kiswahili cha wakati wa ukoloni, Mdachi ni Mjerumani. Ndiyo maana Hemedi bin Abdallah el-Buhriy aliwaita Wajerumani kwa jina hilo katika Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima. Deutsch na Dutch ni maneno ya shina moja. Ila Kiswahili kilimwita mtu wa Uholanzi Mholanzi, na mzawa wa walowezi Waholanzi wa Afrika Kusini kikamwita Kaburu.

Historia ya Taveta iliyakutanisha majina hayo. Mapatano ya mwaka 1886 yaliiacha Taveta upande wa Waingereza na Kilimanjaro upande wa Wajerumani. Mwaka 1892 Steggall wa C.M.S. aliondoka Moshi, akahamia Taveta; mwaka uliofuata wamisionari wa Leipzig wakafika Machame. Majeshi ya Wajerumani yaliishika Taveta tangu Agosti 1914 hadi Machi 1916, yalipoondolewa na majeshi ya Jenerali Jan Smuts, naye ni Kaburu. Hivyo mtu mmoja aliweza kuwaona Wadachi na Makaburu kabla ya kumwona Mholanzi yeyote.

Kitabu cha ubatizo chenyewe hakiamui jambo hili. Kwa kawaida kitabu cha Kianglikana huandika tarehe, jina la ubatizo, wazazi, makazi, kazi na jina la kasisi. Taifa halina safu yake. Jina la Johannes au Petro pia si ushahidi wa damu, kwani waongofu walipewa majina ya Biblia. Wala kanisa halionyeshi taifa: Johannes Rebmann, aliyepita Taita mwaka 1848, alikuwa Mjerumani aliyetumwa na chama cha Kiingereza.

Kwa hiyo yafaa tarehe ya ubatizo ilinganishwe na mwaka wa tukio, na jina la mzazi lilinganishwe na simulizi ya ukoo, tena kwa maana ya neno wakati liliposemwa. Mzee aliyesema Mdachi hakukosea. Anayekosea ni yule anayelisoma neno lake kwa kamusi ya lugha nyingine, kisha akawapa wajukuu babu asiye wao.