Jina Halina Mama: Wasaka wa Gujarat na Masultani wa Kilwa



Naona mjadala wa majina umerudi tena, kama kawaida yake. Mmoja anasema: masultani wa Kilwa waliitwa Ali bin al-Hasan na Sulaiman, basi walikuwa Waarabu, na pwani ni ya wageni. Mwingine anasema: walijiita Washirazi, basi na mimi babu yangu alishuka jahazini. Hawa wawili wanagombana, lakini wote wanasoma jina kama cheti cha damu. Kabla hatujaendelea kuvutana, naomba tuvuke bahari kidogo, tuangalie watu ambao majina yao yameachwa kwenye fedha na mawe: Wasaka, yaani Waskithia waliotawala India.

Hawa asili yao ni wafugaji wa farasi wa nyika za Asia ya Kati, na lugha yao ilikuwa jamaa ya Kiajemi. Katika karne ya 2 na ya 1 KK walishuka kusini mpaka India ya kaskazini-magharibi. Wafalme wao wa mwanzo, Maues, Azes na Azilises, tunawajua hasa kwa sarafu zao. Upande mmoja maandishi ni ya Kigiriki, upande wa pili ni ya lugha ya wenyeji kwa hati ya Kharoshthi. Azes wa upande wa Kigiriki ni Aya upande wa pili. Mtu mmoja, majina mawili, kila moja kwa masikio ya watu wake.

Baadaye Wasaka wakatawala Gujarat. Hapo ndipo wanapotuhusu moja kwa moja. Ule mwongozo wa mabaharia wa karne ya 1 BK unaoitwa Periplus, unaotaja Rhapta na pwani ya Azania, unataja pia bandari ya Barygaza (Bharuch ya leo) chini ya mfalme ambaye wataalamu wengi wanamwona kuwa ndiye Nahapana, mtawala wa Kisaka. Tena unaeleza kwamba mchele, ngano, samli na nguo za pamba kutoka huko zilifika Pembe ya Afrika. Kwa hiyo tunazungumzia majirani wa bahari moja.

Sasa tazameni ukoo mmoja, baba hadi mwana. Wa kwanza ni Ysamotika. Jina ni la Kisaka kabisa, na hizo herufi "ys" ni ujanja wa waandishi wa Kihindi, maana hati yao haikuwa na sauti ya "z". Mwanawe ni Chashtana, bado jina la kigeni. Mjukuu ni Jayadaman, na "jaya" ni ushindi kwa Kisanskriti. Kitukuu ni Rudradaman, amebeba jina la mungu Rudra. Huyu wa mwisho ndiye aliyechonga pale Junagadh, mwaka 150 BK, maandishi marefu ya Kisanskriti fasaha kuhusu kutengenezwa kwa bwawa lililobomoka. Vizazi vinne tu, na ukoo wa wapanda farasi umekuwa wa Kihindi kwa jina na kwa lugha. Damu haikubadilika kwa kasi hiyo, jamani. Kilichobadilika ni mahali ukoo ulipotaka kuhesabiwa.

Kuna na kinyume chake. Katika mapango ya Nashik yupo Ushavadata, mkwe wa Nahapana. Jina lake ni la Kihindi, na mkewe Dakshamitra vilevile. Lakini baba yake aliitwa Dinika, na mwenyewe anajitaja waziwazi kuwa Msaka. Tungekuwa na jina lake tu, tungemwandika Mhindi na kufunga kitabu.

Turudi nyumbani. Sarafu za Kilwa hazina mwaka wala jina la mji. Zina jina la sultani na maneno ya kumtukuza Mungu yenye vina. Mojawapo, ya al-Hasan bin Sulaiman, ilipatikana Great Zimbabwe, huku kwetu kusini. Ibn Battuta alimkuta sultani huyo Kilwa mwaka 1331, akaandika kwamba watu waliita ukarimu wake jina: Abu'l-Mawahib, baba wa vipawa. Na wakazi wengi wa mji, anasema, walikuwa Wazanji weusi sana wenye chale usoni. Jina kwenye sarafu lilikuwa likiongea na Uislamu wote, kuanzia Sofala hadi Makka. Halikuwa likieleza rangi ya mtu.

Mwaka 2023 jarida la Nature lilitoa utafiti wa DNA ya mifupa ya kale kutoka Manda, Mtwapa, Kilwa na kwingineko. Asili ya Asia ipo, hasa ya Uajemi, na ilianza kuchanganyika kama mwaka 1000 BK, kwa sehemu kubwa kupitia wanaume. Asili ya Afrika, ambayo kwa wengi ni nusu au zaidi, imepita hasa kwa akina mama. Kwa hiyo wazee waliosimulia Shirazi hawakutunga uongo mtupu. Ila nasaba ya "bin fulani bin fulani" inapanda upande mmoja tu wa nyumba.

Na asiyeamini jinsi jina linavyoweza kumfuta mtu, amkumbuke Sidi Mubarak Bombay, aliyewaongoza Burton na Speke mwaka 1857. Alizaliwa Myao, akatekwa mtoto, akauzwa utumwani India ya magharibi, akarudi Zanzibar akiwa huru. Jina lake lina mji wa India, neno la Kiarabu, na lile Wahindi walilowaitia Waafrika. Uyao haumo hata silabi moja.

Kwa hiyo, wanabaraza, majina tuyasome kwa mfuatano wa vizazi, tukiuliza kila mara: ukoo huu ulitaka kusikika wapi? Na atakayeniambia tena kwamba sultani fulani alikuwa mgeni kwa ushahidi wa jina lake, aniletee kwanza jina la mama yake.

Nawasilisha.