Mchujo

Sosiot, katika eneo bunge la Belgut, kaunti ya Kericho, mchujo wa chama una uzito kuliko uchaguzi wenyewe. Neno limetoka kwa kuchuja: chai hupita, majani hubaki kwenye kichujio. Aprili 2022 Erick Mutai alishinda mchujo wa ugavana wa chama cha UDA, Agosti akachaguliwa.



Mwaka 1988 chama cha KANU kilichuja wagombea ubunge kwa mlolongo. Wapiga kura walipanga foleni nyuma ya picha au wakala wa mgombea, na aliyevuka asilimia 70 aliingia bungeni bila kupingwa. Dhuluma kubwa ile! Foleni ikishatawanyika, hapakuwa na karatasi ya kuhesabu upya.