Gari la kwanza la kuvuta nyuma: angalia haya kabla hujatoa pesa

Mpwa wangu alikuja nyumbani na picha ya Mark X nyeusi kwenye simu. "Mjomba, bei yake nzuri, na rimu zishawekwa." Nikamuuliza kama amelala chini akaliangalia tumboni. Akanyamaza. Pesa hizo ni akiba yake ya miaka minne, na nyingine ni zamu ya chama aliyopokea mamake. Kwa hivyo niliyomwambia siku ile nayaandika hapa, kwani vijana wengi wa kwetu wako katika safari hiyo hiyo.

Kuvuta nyuma ni nini

Injini iko mbele, lakini nguvu hupita kwenye propela shafti hadi difu, na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma gari. Ya mbele kazi yake ni kukata kona na kusaidia breki. Raha yake ni usukani mwepesi, gari kutulia njiani na kupanda mlima vizuri likiwa na mzigo. Ubaya wake ni kwamba mvua ikinyesha na tairi za nyuma zikiwa zimeisha, mkia hukimbia. Spea pia ni nyingi zaidi, na mafuta hayendi mbali kama kwenye Vitz.

Yapi yanapatikana

Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8. Kwa hivyo haya ya bei nafuu utayapata kwa watu waliokwisha kuyaendesha hapa hapa. Yanayojulikana ni Toyota Mark II, Altezza na Mark X.

Usimwamini dalali akikwambia "zote zinavuta nyuma". Soma namba ya chasisi. GRX120 ni Mark X ya lita 2.5 inayovuta nyuma, GRX121 ni ya lita 3.0. GRX125 huvuta magurudumu yote manne. Ya umbo la baadaye, GRX130 ni ya kuvuta nyuma na GRX135 ni ya magurudumu manne. Mark II ni GX110 kwa lita 2.0 na JZX110 kwa lita 2.5. Ile Mark X Zio ina jina tu la familia. Yenyewe huvuta mbele.

Kwa mwanzo, mimi napendelea GX110 iliyotunzwa kuliko Mark X iliyochoka. Injini yake ya 1G ni nyepesi kwa fundi wa mtaani, bora uulize mkanda wa taiming ulibadilishwa lini. Ile injini ya lita 2.5 ya Mark X ni tamu, lakini hujaa masizi na nyingine hunywa oili. Chomoa kijiti upime oili kabla ya kuwasha.

Siku ya kulikagua

Gari langu la kwanza lilikuwa Grande iliyopakwa rangi ikang'ara. Miezi mitatu baadaye fundi alibonyeza sakafu ya buti kwa bisibisi, ikaingia. Upepo wa chumvi ulikuwa umeila chini huku mimi nikipiga picha na juu. Nilichomelea bodi kwa pesa nilizokuwa nimezitenga kwa kodi ya nyumba.

Kwa hivyo, fika asubuhi injini ikiwa baridi. Moshi wa samawati ni oili inayoungua. Inua zulia la buti, toa tairi ya spea, gusa pembe zote. Lala chini utazame kutu na alama za kuchomelea. Liendeshe mpaka kilomita 80 kwa saa: mtetemo katikati ya gari huenda ni propela, na mlio unaopanda na mwendo ukitoka nyuma huenda ni difu. Taa ya eabegi iwake ukifungua ufunguo, kisha izime. Isipowaka kabisa, kuna aliyeificha.

Kwenye tairi tafuta tarakimu nne: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mwisho, tafuta rekodi ya gari NTSA kupitia eCitizen, ulinganishe jina, chasisi na injini, na uone kama kuna mkopo juu yake. Usitoe hata amana kabla ya hapo.

Kulipamba kwa mpango

Usimalize pesa zote kwenye kununua. Tenga sehemu moja kati ya tano kwa matengenezo ya mwanzo. Mpangilio wangu ni huu: tairi za nyuma na mbele zilizo sawa, kisha breki, kisha bushi na shoku, kisha rejeta na AC, maana joto letu halina mzaha. Baada ya hapo ndipo rimu. Mark II na Mark X huchukua za bolti tano, 114.3.

Redio ya Japani haishiki stesheni zetu za juu, basi weka nyingine au kiongeza masafa. Kulishusha gari chini, mimi sishauri: ngazi ya feri ya Likoni na matuta ya mitaani yatakukwangua bampa kila siku. Kuchomelea difu ili liteleze kona ni kwa uwanja, si kwa barabara yenye watoto wa madrasa. Ukibadilisha rangi au injini, isajili NTSA na umwambie mwenye bima, ama siku ya ajali utajibiwa kwamba gari hilo silo walilolikatia.

Mvua ikinyesha

Mark X nyingi zina VSC, usiizime. Mkia ukikimbia, legeza mguu kwenye mafuta polepole, elekeza usukani unakotaka kwenda, na usikanyage breki kwa nguvu.

Mpwa wangu alirudi kulitazama lile gari, akabeba tochi na bisibisi. Chini ya zulia alikuta bodi imechomelewa upya. Akashukuru, akaondoka. Bado anatafuta, na pesa za mamake ziko benki.