Picha Isiyo na Msimulizi: Suala la Ukumbusho Njombe na Makambako

Wanafunzi wa fasihi tumezoea kuuliza maswali matatu tunapofungua kitabu: nani anasimulia, anamsimulia nani, na kwa maslahi ya nani? Ajabu ni kwamba tukikuta picha katikati ya kitabu hicho hicho, maswali yote tunayaweka kando. Tunatazama, tunasema "kumbe ndivyo ilivyokuwa", tunafunua ukurasa. Makala haya yanadai kwamba picha nayo ni matini, na kwamba peke yake haina kumbukumbu. Kumbukumbu anayo mtu anayeweza kuisimulia. Nitatumia mfano wa Njombe na Makambako, sehemu ninazozifahamu.

Tuanze na Vita vya Maji Maji. Septemba 1905, Wabena chini ya Mbeyela walishambulia kituo cha misheni ya Berlin huko Yakobi. Mmisionari aliyekuwa ndani, Paul Gröschel, aliandika barua, na mwaka 1911 barua hizo zilitoka kama kitabu huko Ujerumani. Kwa hiyo msomaji wa kitabu hicho anavitazama vita kupitia dirisha la nyumba iliyoshambuliwa. Waliokuwa nje hawakuacha kitabu, waliacha masimulizi kwa watoto wao. Kamera nayo enzi zile ilikaa upande huo huo wa dirisha. Nyingi kati ya picha zilizopigwa na wamisionari na maofisa wa Kijerumani zilikwenda zao Ulaya, na mara nyingi Mzungu ana jina, ilhali Mwafrika aliyesimama pembeni anatajwa kwa kabila au kwa kazi yake tu.

Je, uhuru ulibadili hali hiyo? Kwa kiasi fulani tu. Tuchukue reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilometa 1,860, iliyojengwa kuanzia 1970 na kukabidhiwa mwaka 1976. Kipande cha Mlimba hadi Makambako ndicho kilichowatoa watu jasho zaidi, maana milima ilitobolewa mahandaki 18. Picha za ujenzi huo zipo tele: viongozi wanakata utepe, Mchina na Mtanzania wameshika chombo kimoja, wote wanatabasamu. Sisemi kwamba urafiki ule ulikuwa wa uongo. Nasema picha hizo zilipigwa ili kuutangaza, na mtu anayetangazwa hana haja ya kuwa na jina. Wachina zaidi ya 60 walifariki katika kazi hiyo, na Gongo la Mboto, Dar es Salaam, kuna makaburi yao ambapo majina yanasomeka. Sasa yule kijana aliyebeba mataruma kule kwenye mahandaki, jina lake linasomeka wapi?

Linasomeka, kama lipo, nyuma ya picha nyingine kabisa. Nyumba nyingi za kwetu zina picha za studio, zimewekwa kwenye fremu juu kabisa ukutani au zimefungwa kwenye bahasha ndani ya sanduku. Zigeuze. Nyuma utakuta kalamu ya wino imeandika "Ukumbusho", kisha jina la mtoaji, jina la mpokeaji na tarehe. Jamani, hebu tulitafakari neno hilo. Ukumbusho ni kitu cha kumkumbusha mtu. Kinamhitaji huyo mtu awepo. Ndiyo maana mgeni akiuliza, "Huyu ni nani, bibi?", hajibiwi kwa jina peke yake. Anapewa hadithi nzima: alikwenda manamba kwenye mkonge, akarudi, akaoa, akajenga.

Baadhi ya wanahistoria wamelitambua hilo. James Giblin, akisaidiana na Blandina Kaduma Giblin, alitoa mwaka 2005 kitabu kuhusu Njombe kilichojengwa juu ya mazungumzo na wazee majumbani mwao. Jamie Monson, katika kitabu chake cha 2009 kuhusu TAZARA, alikusanya masimulizi ya maisha na hata stakabadhi za mizigo iliyosafirishwa kwa treni. Stakabadhi ya gunia haina sura nzuri, lakini inatuambia nani alisafirisha nini na kuelekea wapi. Picha ya kukata utepe haituambii hilo.

Upande wa sanaa, nadhani Rehema Chachage amekwenda mbali zaidi. Ni binti wa marehemu Profesa Seithy Chachage, mzaliwa wa Njombe na mwandishi wa riwaya ya Makuadi wa Soko Huria (2002). Yeye hutumia picha, video, maandishi na utendaji wa mwili wake mwenyewe, akishirikiana na mama yake, Demere Kitunga, kuzifuata simulizi na mila za bibi zao. Hapa picha haijatundikwa ukutani iachwe ijisemee. Ina msimulizi, na msimulizi huyo ni wa ukoo.

Wapo watakaosema kwamba masimulizi hubadilika, picha haibadiliki. Kweli, na mtafiti hana budi kuyalinganisha. Ila picha isiyobadilika, isiyojulikana ni ya nani, itatufaa nini?

Kijana aliyekuwa na miaka 20 kwenye mahandaki mwaka 1972 sasa amepita 70. Wenzake wengi wameshatutoka. Sanduku likifunguliwa baada yake, warithi wasiomjua rafiki yake pichani wataitupa. Wenzangu mnaotafuta mada za tasnifu, likizo hii chukueni daftari, mkaombe kuonyeshwa hizo bahasha. Msikimbilie kuzipiga picha. Ulizeni kwanza.