Mfumo wa faili: Uteuzi wake huamua iwapo data itaokolewa

MNAMO Januari 31, 2017, mhandisi wa kampuni ya GitLab, inayohifadhi kazi za waundaji programu kote ulimwenguni, alifuta kimakosa takriban gigabaiti 300 za hifadhidata. Njia kadhaa za nakala rudufu zilipojaribiwa, ilibainika kuwa hazikuwa zikifanya kazi. Kilichonusuru hali ni taswira ya diski iliyochukuliwa muda wa saa sita hivi awali. Huduma zilikwama kwa takriban saa 18.

Kisa hicho kinadhihirisha kwamba nakala rudufu hupimwa siku ya kurejeshwa. Kwa taasisi yenye mamilioni ya faili, maandalizi ya siku hiyo huanzia kwa mfumo wa faili, yaani utaratibu ambao seva hutumia kupanga faili kwenye diski na kukumbuka kila moja iko wapi.

Wingi wa faili

Wengi hudhani kwamba kasi hutegemea ukubwa wa data pekee. Sivyo. Faili moja ya gigabaiti 10 husomwa kwa mfululizo. Faili milioni moja za kilobaiti 10 zina jumla iyo hiyo, lakini seva hulazimika kutafuta na kufungua kila moja. Kwenye diski inayozunguka, kazi ya dakika chache hugeuka kuwa ya saa kadhaa. Programu kama rsync nayo hukagua orodha nzima hata ikiwa ni faili kumi tu zilizobadilika.

Mifumo iliyopo

Ext4, iliyotangazwa kuwa thabiti mwaka wa 2008, ni rahisi kutumia na hutegemewa sana. Hata hivyo, idadi ya faili inayoweza kubeba huamuliwa diski inapoandaliwa, kwa kawaida faili moja kwa kila kilobaiti 16. Hivyo seva iliyojaa faili ndogondogo yaweza kukataa faili mpya ilhali diski ingali na nafasi. XFS, iliyobuniwa na Silicon Graphics katika miaka ya tisini, haina kikwazo hicho kwani huongeza nafasi za faili kadiri zinavyohitajika.

Mifumo hiyo miwili haihakiki yaliyomo ndani ya faili. Diski ikiharibu data kimyakimya, uharibifu huo hunakiliwa pia.

ZFS, iliyotolewa na Sun Microsystems mwaka wa 2005, na Btrfs, iliyoingizwa katika kiini cha Linux mwaka wa 2009, huweka alama ya uhakiki kwa kila kipande cha data. Kosa likigunduliwa na pawe na nakala ya pili, hurekebishwa papo hapo. Aidha, mifumo hii huchukua taswira ya diski nzima kwa muda mfupi mno, kisha hutuma kwa seva nyingine vipande vilivyobadilika tu, bila kupitia faili moja moja.

Mifumo hii pia ina kasoro. ZFS haimo katika kiini cha Linux kutokana na masharti ya leseni, hivyo huhitaji kuwekwa kando. Wasimamizi wa Btrfs nao huonya dhidi ya kuitumia na RAID 5 na 6.

Tahadhari

Kasi pekee haitoshi. ReiserFS ilisifiwa sana kwa kushughulikia faili ndogo, lakini iliondolewa katika kiini cha Linux, toleo la 6.13, Januari 2025. Mfumo usio na watunzaji ni mzigo kwa mwenyewe.

Kwa seva ya nakala rudufu yenye faili nyingi, ZFS inafaa zaidi palipo na mtaalamu wa kuisimamia. Asipokuwepo, XFS ni chaguo salama. Vyovyote iwavyo, taswira iliyo kwenye diski ile ile haiwezi kuitwa nakala rudufu, kwani diski ikifa, vyote huangamia. Sharti nakala ihamishiwe seva nyingine, na urejeshaji ujaribiwe mara kwa mara. Wahenga walinena, tahadhari kabla ya hatari.